Mtu wa Kuchukua Chupa

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikisaka wiski ya Kijapani katika mikoa ambayo wenyeji wake wengi hawagusi pombe kabisa. Mke wangu anasema ni ugonjwa. Dada yangu anasema ni sifa za kijinga. Mimi nauza pampu za maji. Nyumbani ni Kibaha, na kazi hunizungusha shamba hadi shamba, na popote ninapofika, nikishamaliza habari za pampu, huuliza kama kuna mtu aliyewahi kufanya kazi na Wajapani.

Swali hilo si la kipuuzi. Chupa ninazozitafuta hazitengenezwi tena. Wenyewe waliilaza ile wiski kwenye mapipa miaka na miaka, kisha dunia nzima ikaigundua kwa mkupuo na ikaisha. Ukienda madukani Dar utauziwa ile changa tu, kwa bei ya mbuzi. Lakini kuna wakati wataalamu wa Kijapani walitapakaa nchi hii, wa mpunga, wa barabara, wa visima, na baadhi yao walipoondoka waliacha zawadi. Madereva wao na wapishi wao wengi walikuwa watu wasiokunywa. Chupa zikabaki makabatini pamoja na vikombe vya harusi, zikifutwa vumbi siku ya Idi. Moja niliipata Korogwe. Nyingine niliikuta Ifakara imejazwa mafuta ya taa, nikarudi kwenye gari nikakaa tu, sina hata hamu ya kuwasha injini.

Ya tatu ndiyo ninayotaka kuieleza, na sijui kama nitaieleza vizuri, kwa sababu bado inanitisha.

Habari zake nilizipata Soga, kwa mteja wangu mwenye shamba la matikiti. Aliniambia kuna mzee upande wa Mzenga, huko Kisarawe, aliyewahi kumwendesha Mjapani wa visima, na kwamba anayo chupa ambayo haijafunguliwa tangu enzi hizo. Mtoto wa kiume wa mzee huyo anafanya kazi Kwala, na mteja wangu anafahamiana naye. Nikamwomba ampigie simu, amwambie kuna mtu anaifuatilia ile chupa ya Mjapani na angependa kwenda kuiona. Akapiga palepale. Nilimsikia akiyasema maneno yangu kama nilivyoyasema. Kisha akasikiliza kwa muda, akaitikia, akakata.

"Wanasema uende hata kesho," akaniambia. "Jamaa sauti imembadilika kabisa. Sijui kuna nini."

Mimi niliona ni bahati. Kwa kawaida hunichukua ziara kadhaa na soda nyingi kabla mtu hajakubali hata kunionyesha chupa.

Kesho yake nikashika njia ya vumbi inayotoka Mlandizi kwenda Mzenga. Mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi lakini hayanyeshi, na joto lilikuwa la kubana kifua. Nilipofika nilikuta uwanja umefagiwa, mikeka imetandikwa upande mmoja, na wanaume wamekaa juu yake bila kuzungumza. Nyuma ya nyumba kulikuwa na wanawake, na sufuria kubwa la shughuli limefunikwa kifudifudi kando ya mafiga. Moto haukuwa umewashwa. Mbele zaidi, chini ya mikorosho, watu wawili walikuwa wakifyeka majani kwa mapanga. Nikajua nimeangukia kwenye shughuli ya watu, labda posa.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba. Pole na safari."

Mzee mmoja, mkubwa kwangu kwa mbali, akainuka akanipa kiti chake. Nikakataa, akasisitiza kwa mkono. Nikakaa. Hakuna aliyeniuliza habari za Kibaha, wala naitwa nani, wala ni mtu wa wapi. Jambo hilo lilinishangaza, kwa sababu watu wa Pwani hawakuachi ukae bila kukuhoji. Walinitazama tu, na nilipowatazama wakainamisha macho.

Mtoto wa mzee akaja kunipokea. Tulikuwa takriban rika moja. Akanipeleka pembeni ya nyumba, nje ya dirisha la chumba kimoja, na hapo juu ya stuli nikaiona.

Nimeshika chupa nyingi, lakini ile ilinitoa jasho. Mabega mapana, lebo ya karatasi ngumu iliyoandikwa kwa brashi, nta ya mdomoni haijaguswa, na wiski yenyewe bado imefika shingoni, rangi ya chai iliyokolea. Ilikuwa imetunzwa gizani, mahali pakavu, na mtu asiye na tamaa nayo. Mate yalinijaa kinywani.

"Tumeitoa stoo leo," akasema. "Kule kwenye majembe. Mzee hakukubali ilale chini ya paa analoswalia."

"Ameitunza vizuri sana."

"Ameitunza kuliko alivyotutunza sisi."

Tukarudi uwanjani, kwa kuwa walikuwa wameniandalia chakula, mimi peke yangu. Binti wa mzee akaja na jagi na beseni kuninawisha. Alikuwa mwanamke wa makamo, macho yamemvimba kwa kukesha. Akamimina maji polepole, na bila kuniangalia akasema kwa sauti ya chini:

"Kaka, ni lazima uichukue leo?"

Nikajua sasa biashara imeanza. Nimezoea. Huyu anataka kuuza, yule hataki, na bei inapanda katikati.

"Dada, sina papara," nikamwambia. "Ila nikiondoka nayo leo nitalipa vizuri. Hamtajuta."

Maji yakakatika.

"Kulipa? Mtu analipia mali yake mwenyewe?"

"Haijawa yangu bado."

Akaliweka jagi chini. "Kwani wewe hukutumwa na Mjapani?"

Nikamwambia hapana. Mimi ni muuza pampu, napenda tu hizo chupa. Akaketi pale pale chini, mbele ya beseni, akanieleza.

Ile chupa haikuwa zawadi. Ilikuwa amana. Mjapani aliondoka kwa haraka, akamkabidhi baba yao na kumwambia amtunzie, kwamba atarudi au atamtuma mtu. Hakurudi na hakutuma. Baba yao, ambaye hajawahi kuonja hata togwa iliyochacha, aliilinda toka yeye na kaka yake hawajazaliwa. Alihama nayo nyumba, aliizika wakati wa msako wa pombe kijijini, aliwachapa walipoichezea. Sasa alikuwa kitandani, na kwa muda mrefu alikuwa akifika mwisho na kurudi. Shehe alishakuja, Yasini ilishasomwa. Alishaomba radhi kwa kila aliyemkosea, hata kwa watu waliosahau. Kilichobaki ni kimoja tu. Alikuwa amewaambia waziwazi kwamba hawezi kwenda mbele ya Mungu na mali ya mtu mikononi, na kwamba siku atakapokuja wa kuichukua, yeye ataondoka.

"Simu ilipopigwa kwamba kuna mtu anaifuatilia," akasema, "sisi tungemdhania nani mwingine? Nani mwingine duniani anaijua? Watu wote hawa wamekuja kwa ajili yako. Jana mzee amekula kiapo kwamba leo ndiyo siku yake."

Wali ulikuwa mbele yangu na sikuweza kuugusa. Niliitazama ile mikeka upya, na lile sufuria.

"Na wewe hutaki," nikamwambia.

"Mimi ndiye ninayemgeuza kitandani. Ndiye ninayemlisha. Bado sijawa tayari. Nenda tu, kaka. Sema umekosea nyumba."

Kaka yake alikuwa amefika nyuma yetu na alikuwa amesikia. Hakukasirika. Aliinama akaniambia sikioni, "Haidhuru hukutumwa. Ingia useme umetumwa. Chupa ichukue, hatutaki hata senti. Mwache mzee apumzike." Kisha akasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Mzee anakuita."

Chumba kilikuwa na joto na harufu ya dawa ya kuchua. Mzee alilazwa ubavu, uso umeelekezwa dirishani, ilipokuwa chupa yake. Sikutarajia macho yake yawe makali vile. Mwili ulikuwa umekwisha, yamebaki macho. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza mara moja.

"Umetumwa?"

Nisijipambe. Sikufikiria dini, wala ukweli, wala haki ya mtu. Chupa ilikuwa pale, bure, na neno moja lingenipa. Lakini yule binti alikuwa amesimama mlangoni, na niliogopa. Niliogopa kuwa mtu aliyeingia nyumba ya watu mchana kweupe, akatamka neno, mtu akafa.

"Hapana, mzee. Sikutumwa. Nilikuja kununua."

"Haiuzwi. Ina mwenyewe."

"Nimeelewa, mzee."

Akafumba macho. Nikadhani ndiyo basi, nimemuua kwa njia nyingine. Kisha akasema, "Irudisheni stoo," na baada ya kitambo, "Nipeni uji." Binti yake akatoka mbio kuupasha.

Nje wanaume walikuwa wameshapata habari. Waliinuka mmoja mmoja, wakakung'uta kanzu na suruali zao, wakanipita bila kuniaga. Yule aliyenipa kiti akakichukua akaondoka nacho. Kaka mtu hakunipa mkono. Nilipokuwa nageuza gari nikaona vizuri kule chini ya mikorosho. Palikuwa na makaburi ya zamani matatu, yamefyekwa safi, na pembeni yake wale watu wawili walikuwa wamekwisha kusafisha nafasi nyingine, ndefu na nyembamba. Walisimama wameshika mapanga, wakanitazama mpaka nikapotea.

Nilidhani nimefanya jema. Kwa wiki ya kwanza nilijisifu hata kwa mke wangu.

Kisha simu zikaanza. Kaka mtu alikuwa akienda kumwona baba yake kila alipopata nafasi kazini, na kila alipokuwa huko alinipigia. Hakunitukana hata mara moja. Alisema "sikiliza," akaisogeza simu. Nikasikia mtu akiitafuta pumzi na kuikosa, akiipata, akiikosa tena. Halafu akarudi yeye.

"Huyo ndiye uliyemwokoa," akasema, akakata.

Nikiwa dukani alipiga. Nikiwa Gwata, nimeinama kwenye kisima cha mteja, alipiga. Ningeweza kuacha kupokea, lakini simu isiyopokelewa ilikuwa mbaya zaidi, maana niliyasikia yale yale kichwani bila hata kuambiwa sikiliza. Mvua zilikuja zikaisha. Sikuuliza tena habari za Wajapani kwa mtu yeyote, na ile chupa ya Korogwe, niliyokuwa nikiionja kidogo kidogo siku za sikukuu, ilinishinda. Mke wangu alifurahi mwanzoni, kisha akaanza kuniuliza kama naumwa.

Siku moja namba ikawa ngeni, na sauti ikawa ya yule binti.

"Kaka," akasema, "mimi ndiye niliyekuzuia. Sasa nakuomba njoo uichukue."

Nikamuuliza kama ana hakika. Alisema tu kwamba baba yake ameanza kutoa vidonda mgongoni, na kwamba akimgeuza analia, na kwamba hajawahi kumwona baba yake akilia.

Safari hii uwanja ulikuwa mtupu. Walikuwepo wao wawili tu. Chupa ilikuwa tena kwenye stuli, nje ya dirisha, imefutwa vumbi. Nikaingia. Mzee alikuwa amegeuziwa ukuta, wakamgeuza, na ile sauti niliyoizoea kwenye simu nikaisikia chumbani. Macho yake yalinitambua.

"Wewe ulisema hukutumwa."

"Wakati ule, mzee. Sasa nimetumwa."

Alimtazama binti yake, akanitazama mimi. Sijui kama aliamini. Nilisimama pale nikiwa na shati lililoloa, nikijua bado naweza kukanusha.

"Hajambo?" akauliza.

"Hajambo. Anakusalimu."

"Aliondoka kwa kuwa baba yake alikuwa taabani. Alikuwa akilia njia nzima, mpaka uwanja wa ndege." Akapumzika, akaitafuta pumzi. "Alimkuta?"

Binti yake alikuwa amemshika mkono. Hilo sikulitegemea, na hakuna aliyekuwa amenifundisha la kujibu.

"Alimkuta, mzee. Walizungumza."

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi mpeni mtu mzigo wake."

Kaka mtu akanifungia chupa kwa gazeti na kitambaa, akanisindikiza hadi garini, akanifungulia mlango. Niliendesha polepole, nimeilaza kwenye kiti cha pembeni, mkono wangu mmoja juu yake kila palipokuwa na mashimo. Nilikuwa sijafika Mlandizi simu ilipoita. Nikaegesha gari kwanza ndipo nikapokea.

"Amekwenda," yule binti akasema. Hakuwa akilia. "Ulipotoka tu alikumbuka jambo, akaniagiza nikwambie. Anasema umwambie mwenyewe kwamba haikufunguliwa."

Nikamjibu kwamba nitamwambia.