Maji Aliyokunywa Wifi

Wifi yangu alishinda mbio kwa mgongo wangu, kisha akanywa maji bila kunitaja. Hilo ndilo kosa, na nalisema mwanzoni ili asije mtu akasema baadaye kwamba nimezunguka. Alikunywa watu wote wakitazama, na mimi nimeinamia usukani nyuma yake kidogo, natema mate mazito kama gundi.

Asiyeendesha baiskeli na kundi letu atauliza, maji gani hayo ya kumwekea mtu kinyongo? Nitaeleza. Sisi hatuna kombe wala medali. Tunakutana Jumapili asubuhi kwenye kituo cha mafuta, kabla magari hayajajaa barabarani: wenye maduka, walinzi waliotoka zamu, wauguzi, mafundi, na mimi dobi. Mkubwa wetu ni fundi baiskeli tunayemwita Mzee Spoku, kwa wembamba wake na kwa sababu hakosi spoku, njiti za gurudumu, mfukoni, kama karani asivyokosa kalamu. Mbio zikiisha, yeye husimama mstarini na chupa ya maji. Aliyeshinda haigusi chupa ile mpaka aulizwe, "Nani alikukatia upepo?" Anamtaja mtu, kwa sauti, ndipo anapokunywa.

Ni hivi kwa sababu hakuna anayeshinda peke yake. Aliye mbele anapigana na upepo. Aliyejibana nyuma yake, gurudumu kwa gurudumu, anabebwa kama mtoto mgongoni. Kwa hiyo tunapokezana. Wa mbele akichoka hutikisa kiwiko na kusogea pembeni, wa nyuma anapita kushika upepo, na yeye aliyechoka anajificha nyuma ya mwenzake apumue. Ndiyo heshima yetu yote. Hatuna nyingine.

Sasa nimweleze mwenyewe.

Ni mdogo wa mume wangu, msusi. Alikuja kwetu na mabegi mawili na uso umevimba, ndoa imemshinda. Binti yangu alihamishiwa sebuleni, shangazi akapewa chumba. Wiki za mwanzo alikuwa wa kulala na kulia tu, akiamka ni kumaliza mkate na kurudi kitandani. Mimi ndiye niliyemtoa humo. Nilifungua dirisha nikamwambia, "Wifi, amka. Machozi yamekwisha, sasa twende ukatoe jasho."

"Baiskeli? Mimi, wifi? Na makalio haya?"

"Kiti kimeona makubwa kuliko hayo. Kimekaliwa na kaka yako."

Alicheka, mara ya kwanza tangu aje. Nikampeleka kwenye uwanja nyuma ya maghala, nikakunja gauni kiunoni, nikawa nakimbia nimeshika kiti huku yeye akipiga kelele kama anachinjwa. Aliniangukia mara nyingi mno. Kovu la goti langu la kushoto ni lake.

Kumbe alikuwa na kitu. Ana miguu ambayo Mungu aliichonga akiwa hana haraka. Yangu aliimalizia akiwa anaitwa kwingine. Nasema kweli, si kwa chuki. Akikanyaga pedali, mnyororo unalia kwa sauti nyingine. Na ana kile kicheko chake, na vishimo mashavuni, na ile tabia ya kumgusa mtu bega anapozungumza naye. Mwaka haukuisha, kundi zima likawa linamwita Risasi. Mimi niliyekuwamo tangu mwanzo naitwa Mama Mashuka.

Jina hilo ni la kazi yangu. Nachukua mashuka kwenye nyumba za wageni, nafua uani, nanyoosha, nafunga marobota na kuyarudisha kwa baiskeli. Robota la mashuka ni zito kuliko mtu mzima, na halijui kusaidia kwenye mlima. Hayo ndiyo mazoezi yangu. Ndiyo yaliyonifanya niwe mshika mbele wa wanawake miaka yote ile. Mshika mbele ndiye anayechagua njia ya Jumapili, ndiye anayepanga mwendo, na wageni wote wanawekwa nyuma ya gurudumu lake wajifunze. Cheo hicho kinagombewa mara moja kwa mwaka, katika mbio za wanawake. Akishinda mwingine, kinahama.

Mtu atacheka kusikia nakiita cheo. Acheke. Nyumbani mume wangu ndiye anayesema. Kwenye nyumba za wageni ni msimamizi, tena anasema kwa kidole, anakionyesha pale anapodhani doa halikutoka. Shule sikuipata, kusoma nilijifunza ukubwani, kwa kuulizauliza. Ilikuwa Jumapili tu ambapo watu walitazama mgongo wangu na kugeuka nilikogeuka mimi.

Kijicho kilianza kabla ya mbio, siwezi kusema hakikuwepo. Mume wangu hakuwahi hata siku moja kuja kituoni kunitazama. Dada yake alipoanza kusifiwa, akawa anaamka mapema, anavaa shati safi, anasimama pale na mikono nyuma kama mwenye mali. "Hiyo ni damu yetu," anawaambia watu. "Sisi kwetu wote tuna mbio." Yeye mwenyewe akipanda ngazi anapumzika katikati.

Binti yangu naye akamchorea shangazi yake risasi nyekundu kwenye helmeti, nzuri, yenye moshi nyuma.

Nikamuuliza, "Na yangu je?"

"Yako imechubuka sana, mama. Rangi haitashika."

Nikajikaza kisabuni, nikaenda kuanika mashuka.

Siku moja kabla ya mbio, wifi alinifuata uani. Alinisaidia kukamua shuka, yeye upande huu, mimi upande ule, tunalisokota katikati.

"Wifi, kesho tusaidiane," alisema. "Wale wauguzi wawili wana nguvu. Tuwaache kwenye maghala, kisha mwishoni tumalizane wenyewe, wewe na mimi."

"Tunapokezana?"

"Sasa je! Nikuachie upepo peke yako? Mimi ni mnyama?"

Nilimwamini. Alikuwa na povu mpaka kwenye viwiko, anacheka.

Njia yetu inatoka kituo cha mafuta, inazunguka tenki la maji na kurudi. Kwenda ni mteremko, hata mgonjwa anakwenda. Kurudi ni ile barabara ndefu ya maghala, iliyonyooka, haina mti wala nyumba ya kukukinga, na upepo unakuja usoni kama mlango unaosukumwa na mtu aliye upande wa pili. Tulipoingia hapo nilikaa mbele, nikainama, nikakanyaga. Nilisikia pumzi za wauguzi zikibaki nyuma, mmoja kisha mwingine, mpaka ikawa pumzi moja tu, ya wifi, karibu kabisa.

Nilitikisa kiwiko.

"Bado kidogo, wifi," alisema. "Pumzi imekata."

Nikaendelea. Mapaja yalikuwa yanaungua. Kwenye ghala la saruji nikatikisa tena.

"Nakuja, nakuja!"

Hakuja. Nami sikukasirika, maana nilijua akiwa amechoka hivyo hanisumbui mwishoni. Kosa langu ni hilo, kumhurumia mtu kwa kusikia pumzi yake. Pumzi inaweza kuigizwa na yeyote mwenye mdomo.

Tukafika kwenye kona ya mwisho. Miguu yangu ilikuwa imekufa. Nikatikisa kiwiko mara ya tatu, na safari hii nikasogea pembeni kabisa, kama inavyotakiwa, ili apite ashike upepo nami nijifiche nyuma yake nipumue, kisha tumalizane. Akapita. Alipita kama kitu kilichorushwa. Nikageuza gurudumu langu kulitafuta gurudumu lake, halipo. Nilipoinua uso, helmeti yenye risasi ilikuwa imeshafika mstarini, na mikono yake iko juu.

Waliosimama kituoni hawaioni barabara ya maghala. Wanaiona kona ile tu na kipande kilichobaki. Kwa hiyo walichokiona wao ni kimoja: Mama Mashuka akisogea pembeni, wifi yake akipita.

Walimzunguka kwa makelele na simu. Mwenye duka la kituoni, mtu mwenye macho ya kutangatanga, akamkimbilia na chupa ya maji baridi kutoka kwenye friji yake. Mzee Spoku alikuwa anakuja na chupa yake ya siku zote, anapenya katikati ya watu. Nilimwona. Na wifi alimwona, kwa sababu walitazamana. Kisha akainua chupa ya mwenye duka, akanywa mpaka maji yakamteremka shingoni. Mzee Spoku alisimama mdomo wazi, swali limo mdomoni. Halafu akaufunga, chupa akairudisha kwenye mfuko.

Wakaanza kuja kwangu sasa.

"Mama Mashuka, una moyo wewe! Umempisha wifi yako!"

"Wifi kama huyu wanapatikana wapi?" alisema muuguzi mmoja, bado anahema. "Mimi wangu hata mlangoni hanipishi."

Wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa meno tu. Ningesema nini? Kwamba sikumpisha? Wangeona ni roho mbaya. Nilikuwa nimeibiwa na kupewa pongezi kwa ukarimu, papo hapo, na watu wale wale.

Jioni mume wangu alinunua soda za nyumba nzima. Alimpigapiga dada yake mgongoni, kisha akanigeukia mimi. "Umefanya vizuri kumwachia," alisema. "Wewe umeshakuwa mtu mzima." Binti yangu alikuwa anamkanda shangazi yake miguu kwa mafuta. Ile miguu. Nikasema sabuni inaungulia jikoni, jambo ambalo halina hata maana, nikatoka.

Nilivumilia siku kadhaa, kisha nikamfuata saluni. Nilimkuta na kichwa cha mteja mikononi, anasuka.

"Wifi, hukunitaja," nilisema.

"Karibu, wifi. Kaa hapo."

"Sikuja kukaa. Hukunitaja."

"Si hakuna aliyeniuliza? Nilikunywa maji ya mwenye duka."

"Kwani mpaka uulizwe? Na Mzee Spoku ulimwona anakuja."

"Jamani wifi, si wewe mwenyewe ulisogea? Watu wote waliona."

Mteja akageuza kichwa anitazame vizuri. "Mama, tulia, nitakuvuta sikio," wifi alimwambia, akamrudisha. Kisha akaacha kusuka. Akanisogelea, akanishika bega kwa ile tabia yake, akasema kwa sauti ya chini.

"Nikisema wewe ndiye uliyenivuta njia nzima, wataniweka mbele kwa moyo mmoja? Watasema Risasi kabebwa. Wewe una mume, una mtoto, una nyumba. Mimi nilikuja kwako na mabegi mawili. Niachie hiki kimoja."

Basi nikajua kwamba anajua. Mpaka hapo nilikuwa bado najidanganya kwamba labda kweli alisahau, labda furaha ilimzidi. Nilimwambia, "Mume ninaye, lakini asubuhi za Jumapili anakutazama wewe. Mtoto ninaye, anakukanda miguu wewe. Hiki kimoja ndicho kilichokuwa changu, na ungekiomba kabla, labda ningekupa." Nikaondoa mkono wake begani. Njiani nilijiuliza kama ningempa kweli. Sidhani.

Nilipita kwa Mzee Spoku pia. Alikuwa amelipindua gurudumu la mtu, analizungusha kutafuta pale lilipopinda.

"Mzee, mbona hukuuliza?"

"Alikuwa ameshakunywa, mwanangu. Swali linatangulia maji."

"Basi uliza Jumapili hii. Hujachelewa."

Alilizungusha gurudumu muda mrefu. "Ninyi ni ndugu," alisema. "Mambo hayo mnamalizana nyumbani. Nikilianzisha mbele za watu, nitavunja kundi."

Kundi alilihurumia. Mimi si kundi.

Kwenda bado nakwenda. Nikiacha, watasema kweli nilichoka. Nakaa nyuma kabisa, nyuma ya wageni, na kutoka huko namwona wifi mbele, mdogo, wanamfuata wote kama uzi unaofuata sindano. Anapita njia zangu. Pale nilipokuwa nasimama kuwapumzisha watu, naye anasimama pale pale. Anafundisha vizuri, siwezi kumnyima hilo. Wageni wanampenda, na akimshika mmoja wao kiti na kukimbia nyuma yake, huwa anapiga kelele maneno yale yale niliyompigia yeye. 

Amejaribu kulipa kwa njia za mkato. Alinisuka bure, nikafumua siku ya pili. Mara moja tukiosha vyombo aliniambia "asante, wifi, unajua kwa nini," akiwa ameinamisha uso kwenye beseni, mume wangu anakoroma chumbani. Nilimwambia hapa jikoni sikushindana na mtu.

Mume wangu simdai kitu. Hajui upepo ni nini. Binti yangu ni mtoto, atakua.

Wifi ananidai? Hapana, mimi ndiye ninayemdai: aseme kwa sauti, mstarini, watu wamejaa, kwamba njia nzima ya maghala ilikuwa mgongo wangu, na kwamba kwenye kona sikumpisha, nilikuwa napokea zamu yangu ya kupumua. Na Mzee Spoku namdai swali ambalo ni kazi yake kuuliza, akalirudisha mfukoni pamoja na chupa. Aanze yeye kuuliza au aanze wifi kujibu, kwangu ni sawa. Mpaka ninapoandika haya hakuna aliyeanza.