Bibi Kwenye Darasa la Kipaimara

Juzi, kanisani Ihumwa, nilimwona mzee wa mvi amekaa na watoto wa kipaimara, nikamkumbuka bibi yangu. Alasiri moja ya utoto wangu, kule Buigiri, alikaa mkekani nasi wanafunzi wa kipaimara, kanga yake ikinukia moshi na maziwa. Nilidhani alifeli kipaimara zamani ndiyo maana anarudia, na kwamba Mungu hatampokea. Mwalimu wetu alipouliza tunaokolewa kwa kitu gani, nilimnong'oneza haraka, "Bibi, sema neema."

"Kumbe! Asante, mjukuu wangu." Akanyoosha mkono. "Ni neema, mwalimu."

Mwalimu aliinamisha kichwa, nami nikadhani tumekamatwa.

Siku tulipomzika bibi, mwalimu yule alisimama akasema kwamba jibu lile alifundishwa na bibi, utotoni, kwenye mkeka uleule.