Sura ya Nne ya Gwamaka

Siku yangu ya kwanza kazini mvua ilinyesha tangu alfajiri, nikaingia ofisini kwa Mkuu wa Kitivo viatu vimejaa matope. Nilikuwa mwalimu wa kike wa sekondari kutoka Singida, niliyejiendeleza. Serikali ilikuwa imefungua milango kwa vyuo vikuu binafsi, na kanisa moja likaanzisha chake hapa Rungwe. Mkuu alinikabidhi boksi la chaki, akaniambia nitasimamia tasnifu, yaani kazi ndefu anayoiandika mwanafunzi kabla ya kuhitimu.

"Hapa tunaanza kwa sala," alisema. "Mengine tutajifunza njiani."

Enzi hizo hapakuwa na kompyuta ya kunasa wizi wa maandishi. Msimamizi alitegemea macho yake na kalamu nyekundu. Moyo wa tasnifu ni sura ya nne, yenye matokeo: yale uliyoyakuta kwa watu ulipowapelekea hojaji, maswali yako ya utafiti.

Gwamaka alikuwa mwanafunzi wangu bora, mwinjilisti aliyesomeshwa na usharika wake, tena kiongozi wa kwaya ya chuo. Aliandika kuhusu akina mama wa kijiji cha Ikuti na wachuuzi wa ndizi waliokuja na malori baada ya biashara kuachiwa huru. Akina mama, aliandika, waliisifu bei mpya. Nikafurahi.

Jumapili moja nilialikwa kusali Ikuti. Baada ya ibada niliwashukuru akina mama kwa kumpokea kijana wangu. Wakatazamana. Mmoja wao, Mama Tumpe, akaniambia kwa upole, "Ndaga fijo, asante sana, mwalimu. Lakini hapa hajafika mtu kutuuliza habari za ndizi."

Kesho yake nikamwita Gwamaka. Hakubisha. Alisema mvua ilimzuia, mahafali yamekaribia, na usharika unamsubiri. Akalia, akasema amekwisha kutubu mbele za Mungu.

"Nami nimekusamehe," nikamwambia. "Lakini sura ya nne bado haijaandikwa."

Habari zikamfikia Mkuu wa Kitivo. Hakuwa mtu mbaya, alikihofia chuo. Alisema chuo bado kichanga, na kiongozi wa kwaya asipohitimu watu watasema. Akataka nitie sahihi, kisha nimwonye kijana faraghani.

"Mzee, kichanga ndicho kinachofundishwa kutembea," nilijibu. "Siwezi kutia sahihi maneno ambayo akina mama wa watu hawakuyasema. Ukiona nimekosea, mpe msimamizi mwingine."

Hakumpa mwingine. Lakini nafasi ya mkuu wa idara ilipopatikana, nilirukwa.

Siku ya mahafali Gwamaka aliwaimbia wenzake akiwa na joho la kwaya tu. Kisha akaenda Ikuti, akakaa huko akisaidia kukata ndizi na kuuliza maswali yake. Matokeo hayakufanana hata kidogo na yale aliyoyapika. Akina mama walilalamika kuwa mchuuzi ndiye anayepanga bei, nao hukubali kwa kuwa ndizi iliyokwisha kukatwa haingoji. Alinisomea hayo ofisini, akasita.

"Mama, nilikuwa nimewaziba midomo."

Nikatia sahihi.

Sasa nimestaafu, naishi Ibighi. Walimu vijana hunitembelea, hunisifia mashine zinazokamata walionakili. Ni msaada mkubwa. Lakini, huwaambia, mashine haijui kama kuna mtu aliyeulizwa. Hilo mtalijua ninyi, mkienda kwa watu wenyewe. Mkirukwa vyeo kwa kulisema, mtaumia, kisha mtapona. Mimi nilipona.