Nepi na Nyuki wa Bosi

Mtunza nyuki wa bosi wetu hapa Jeddah tunamwita Nepi, sababu siku ya kwanza kwenye mizinga huko milimani Taif alikosa wavu, akajifunga nepi ya mtoto usoni, nami nikarusha picha kwa grupu. Mikono yake huenda polepole, na hajipaki manukato hata Ijumaa, eti nyuki huyachukia. Jana bosi alikuja amejimwagia manukato ya udi, akafunua mzinga mwenyewe. Nyuki wakamjaa shingoni. Nepi, ambaye hata kumtazama bosi machoni huogopa, akamkamata mikono yote miwili. "Baba, usiwapige. Tulia, pumua tu." Sauti ilikuwa ya chini. Wakatoka wote wawili salama. Lakini bosi hajamsemesha tangu jana, na pasipoti ya Nepi iko kwake. Kuna mtu hapa ashawahi kumshika kafili, bosi anayemdhamini viza? Tuambieni iliishaje.