Paa la Kijivu la Kambini

Esnah Nyabate alizaliwa katika kambi ya wachuma chai nje ya mji wa Kericho. Nyumba zote za kambi ziliezekwa paa la aina moja, la kijivu, gumu kama simiti. Vipande vilivyoanguka watoto waliviokota wakaandika navyo sakafuni kama chaki. Hakuna aliyewakataza.

Alisoma, akaajiriwa katika maabara ya chuo kikuu. Kazi yake ni kuendesha mashine ya eksirei, si ile ya kupiga picha mifupa. Hii huelekeza miale kwenye unga wa kitu, na miale hutawanyika kufuatana na atomi zilivyojipanga ndani yake. Mchanga hutawanya kivyake, chumvi kivyake. Ukisoma zile pembe, unajua una nini mkononi.

Mwaka juzi mvua ya mawe ilipasua mapaa ya kambi. Mama yake, Bilhah, alikuwa bado anaishi pale. Esnah alipofika kumwona, alikuta vijana wakibomoa kwa nyundo, pua wazi, vumbi likitua hadi kwenye sufuria za chakula.

Alimwendea meneja, Bwana Kipkemoi. "Hii si asbesto, ile ambayo vumbi lake huua mapafu?"

"Ni simiti tu, dada. Usitishe watu."

Esnah alilowesha kipande ili vumbi lisiruke, akakifunga ndani ya mifuko miwili, akaenda nacho maabara. Mistari iliyotokea kwenye skrini ilikuwa ya asbesto nyeupe, bila shaka yoyote. Baba yake, Omwenga, alikufa akikohoa. Alimeza dawa za TB mpaka mwisho na hazikumsaidia. Kama ni lile paa lililomuua, hakuna wa kumthibitishia sasa, na hilo lilimchoma zaidi.

Alirudi na majibu. Kipkemoi hakuyagusa. "Mashine ya chuo haituhusu. Watu wameishi hapa miaka yote."

"Na wewe mbona nyumba yako uliiwekea mabati?"

Meneja alimfungulia mlango atoke.

Jioni ile Bilhah aliwaeleza wanawake wenzake. Kesho yake hakuna aliyeingia shambani. Walikaa kando ya vikapu vyao mahali pa kupimia majani. Supavaisa alipowatisha, Bilhah alimjibu, "Chai yenu mnaipima kila siku. Vifua vyetu nani amepima?"

Habari za mgomo zilipofika mjini, wakaguzi wa serikali walikuja. Mapaa yakashushwa na watu waliovaa barakoa na nguo za kujikinga, wakimwagia maji kila kipande. Kampuni ikatangaza kwamba ni ukarabati wa kawaida. Neno asbesto halikutajwa popote.

Esnah alidai watu wote wa kambi wapelekwe kupimwa vifua, kwani ugonjwa wa vumbi lile hujificha miaka mingi. Aliambiwa asubiri mkutano wa wakurugenzi. Hakusubiri. Jumamosi alimchukua mama yake kwenda hospitali.

"Mimi sijisikii mgonjwa," Bilhah alinung'unika njiani.

"Najua, mama. Twende tu."