Koti la Mfalme Lililoshonwa Chuno

Siku ya kwanza kazini sikupewa cherehani. Nilipewa shati la kuli wa bandarini lenye tundu begani, na Fundi Mkuu wa ushirika wetu pale Chuno akaniambia, "Binti, hapa nguo haitoki na tundu. Ukinitolea yenye tundu, urudi kwenu." Miaka ile ya ujamaa kitambaa kilikuwa cha kupangia foleni, na nusu ya kazi yetu ilikuwa viraka. Nilikuwa mwanamke pekee, tena wa majaribio: miezi mitatu, kisha nipewe cherehani yangu au nifungashe virago.

Mwezi wa tatu akaja Mwalimu wa Historia, mama wa kutoka Bukoba, na kitabu chenye picha ya mfalme wa Uingereza wa miaka mia nne nyuma. Wanafunzi wake walikuwa wanaandaa mchezo juu ya wanyonyaji, naye akataka koti lile lile. Alileta pazia kuukuu jekundu la mahameli na kipande cha kitambaa cheupe cha marekani. Fundi Mkuu akanisukumia vyote. "Huo ndio ntihani wako."

Picha haina mgongo wala vipimo. Nilikadiria kwa vidole, urefu wa kichwa unaingia mara ngapi mpaka gotini, ndipo nikampima mwigizaji. Mabega nikayajaza usufi yapanuke. Lakini mikono ya lile koti ilinitia huruma: mipasuko mitupu, nguo ya ndani inachungulia kila mahali. Nikamwonyesha Fundi Mkuu.

"Nfalme nzima kachanika hivi?" akashangaa. "Nsitiri, binti. Nshonee vizuri."

Nikamshonea mikono mizima, nikajisifu moyoni.

Mwalimu alipoliona alicheka mpaka akakaa chini. "Fundi, huyu si mfalme, huyu ni karani!" Kisha akatueleza kwamba wakubwa wale walichana nguo nzima makusudi, watu waone kuwa ndani wana nyingine. Fundi Mkuu akaweka mkasi mezani.

"Mimi nkono wangu haufanyi kazi hiyo."

Mahameli mengine hayakuwapo. Mkasi ukiteleza, koti limekwisha na mimi nimekwisha. Nikapiga chaki, nikachana. Nilimchukia yule mfalme, sioni haya kusema. Mama yangu nyumbani alikuwa na doti moja ya kanga, akiifua anajifungia ndani mpaka ikauke. Kila mpasuko niliuzungushia uzi usifumuke, nikaivuta marekani itokeze.

Siku ya mchezo mfalme aliingia jukwaani, na kabla hajafungua kinywa mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Jamani, kachana nguo nzima!" Ukumbi ukamzomea pale pale. Mwalimu alifurahi sana.

Jumatatu nilimkuta amelipakata lile koti. Mwalimu alikuwa ameamua kumpa mlinzi wa shule, ajikinge na baridi ya alfajiri.

"Cherehani ya dirishani ni yako," Fundi Mkuu akasema bila kunitazama. "Ila kwanza shika nkono huo, mimi nashika huu."

Tukaketi tukaziba mipasuko yote, mmoja mmoja, mpaka adhuhuri.

Nimeshona magauni ya harusi na sare za shule mpaka macho yakagoma, ndipo nikastaafu. Mafundi vijana wakija kunijulia hali huniuliza ni kazi gani naionea fahari, nao hutegemea niseme koti la mfalme. Nawajibu, la mlinzi.