Ngazi ya Shangazi Ozella

Kwetu Chicago, upande wa magharibi, maiti hapelekwi makaburini kabla ya kupitishwa nyumbani kwake. Gari linasimama kidogo mlangoni, majirani wanavua kofia, basi. Shangazi yangu, Ozella Tubbs, aliniachia wasia huo mmoja tu.

"Corliss, usinizike kabla sijaiaga ngazi yangu."

"Wewe hufi, Shangazi. Utatuzika sote!"

"Domo hilo! Ahidi."

Nikaahidi.

Ngazi yenyewe ni ya mawe, mbele ya nyumba, jirani na ukumbi mkubwa. Wakati wa vita vya Hitler chama kimoja cha siasa kilifanya pale mkutano wake mkuu wa kumteua mgombea urais, naye Shangazi alikuwa mtoto wa miaka minane. Wajumbe walitoka wakitiririka jasho, wakaketi kwenye ngazi kula samaki wa kukaanga wa mama yake. Wazungu wale mjini wasingemsalimia, lakini njaa haina adabu. Mmoja alivua viatu akasinzia hapo hapo. Shangazi alikisimulia kisa hicho mpaka tukakichoka.

Mwaka ule wa marungu, polisi walipowapiga waandamanaji na mkutano ukageuka vita barabarani, alikuwa dobi kwenye hoteli katikati ya jiji. Alifua mapazia yaliyonuka mabomu ya machozi, macho yakamvimba. Hata hivyo hakuwachukia wajumbe. "Wageni ni wageni," alisema.

Nilipokuwa mtu mzima mkutano ukarudi mtaani kwetu. Maua yakapandwa, kuta zikapakwa rangi. Shangazi akakaanga sinia zima la samaki, akavaa gauni la kanisani, akakaa kwenye ngazi. Wajumbe wakapita ndani ya mabasi, wakampungia mkono. Samaki tukala wenyewe mpaka tukakinai. Mimi nilifura.

"Wana haraka, mwanangu," akasema.

Mkutano wa juzi ulikuja na uzio wa chuma, mrefu kuliko mtu, nyumba yake ikiwa ndani. Naye akafia hospitalini wiki hiyo hiyo. Kaburi lilishachimbwa, na ndugu kutoka Mississippi walikuwa na ruhusa ya siku moja tu kazini. Tukaenda na jeneza mpaka getini.

Mlinzi alikuwa kijana wa jimbo lingine. "Poleni sana, mama. Gari halina kibali."

"Aliyemo garini amezaliwa humo ndani ya uzio!"

"Basi jeneza lifunguliwe, likaguliwe."

"Ala! Umpekue maiti? Mamako yu hai?"

Akainamisha kichwa. "Mimi natumwa tu, mama." Akampigia simu mkubwa wake, mkubwa akampigia mkubwa wake. Tukasubiri juani. Jibu likarudi lile lile.

Mchungaji akanishika bega. "Twende, Corliss."

Nililia, nisiwafiche. Nilikamata nyaya za uzio kwa mikono miwili, na ngazi niliiona vizuri kabisa. Wajumbe wawili wamekaa juu yake, kadi shingoni, wanakula vyakula vya kwenye maboksi. Mmoja amevua viatu.

"Simameni!" nikapiga ukelele. "Vueni kofia, kuna maiti hapa!"

Kelele za spika za ukumbini zilinimeza. Yule asiye na viatu aliona tu mwanamke anapunga mikono. Akatabasamu, akavua kofia yake, akanipungia nayo.

Gari likaanza kurudi kinyumenyume.